Mdomo wa Kuazima katika Nchi ya Stara

Nchi ya Stara ipo, ingawa ukimuuliza mwenyeji wake atakwambia haipo. Kule watu hukanusha kwanza, kisha ndipo huuliza walichoulizwa. Ni nchi safi ya kupendeza. Njia zake hufagiwa mapema, kuta hupakwa chokaa kila mwezi unapoandama, na kila mlango una pazia zito lenye nakshi, ambalo wakaguzi wa serikali hulipima upana na urefu. Mwenye pazia fupi huitwa barazani akaonywa mbele ya watu. Mwenye kilio nyuma ya pazia refu haitwi kokote.

Mwanamke aitwaye Sikudhani binti Ngwali hakuyajua hayo alipoitwa huko. Alikuwa fundi cherehani, mjane wa miaka arobaini na minne, mwanamke wa maneno machache, na kwao alijulikana kwa sare zisizofumuka. Aliitwa kushona sare mpya za shule kuu ya Stara kwa ajili ya Sikukuu ya Mapazia. Aliyemwita ni Bwana Haruni, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa sauti ya upole aliyekuwa na tabia ya kuweka mkono kifuani kila alipotamka neno "watoto".

Walimpokea vizuri. Watu wa Stara ni watu wa salamu. Mtu akikutana na mwenzake humuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za wazee, za watoto na za mifugo, na kila swali sharti lijibiwe "njema". Sheria yao haikutoa jibu jingine. Siku ya pili mwenye duka la vitambaa alimsalimu Sikudhani, naye akajibu kwamba mgongo unamuuma. Yule bwana alirudi nyuma hatua mbili, akaanza kumsalimu upya, ili mgeni apate nafasi ya kujirekebisha.

"Njema," akasema Sikudhani.

"Ahsante," akasema yule bwana, na jasho likamkauka.

Kazi ya kupima ilifanyika darasani. Watoto waliingia mmoja mmoja, mwalimu akiita jina, Sikudhani akipima bega, kifua, kiuno na urefu. Alikuwa amepewa daftari la fundi wa mwaka uliopita, naye akawa anaandika vipimo vyake pembeni mwa vile vya zamani. Ilikuwa furaha ndogo ya kazi ile kuona namba zinavyopanda, maana mtoto wa watu hukua hata kama hakuna anayemtazama.

Akaingia msichana wa miaka minane aliyeitwa Mize. Mwalimu alisema ni mtoto wa marehemu kaka yake Bwana Haruni, anayelelewa na baba yake mdogo huyo. Sikudhani akampima urefu, akatazama daftari, akampima tena. Urefu ulikuwa uleule wa mwaka jana. Kifua kilikuwa kimepungua inchi moja.

"Inua mkono, mama."

Mize akainua wa kulia. Wa kushoto haukuinuka. Sikudhani alipoukunja mkono wa gauni ili apime, aliona alama, nyingine za zamani zilizofifia, nyingine mbichi, zimepangana kama zilizopigwa kwa kitu kimoja.

"Umeumia wapi, mwanangu?"

"Alianguka," akajibu mwalimu kabla mtoto hajafumbua kinywa.

"Nimemuuliza yeye."

"Hajaota jino la akili," mwalimu akasema bila ukali, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Hapa neno la mtu ambaye hajaota jino la akili halihesabiwi. Kwa hiyo tunamwokolea muda, tunamjibia."

Mize alikuwa akitazama pazia la mlango. Hakulia. Alisimama vile vile mkono mmoja juu, akisubiri kuambiwa aushushe, na Sikudhani akagundua kwamba asipomwambia, mtoto yule atasimama hivyo mpaka jioni.

Sikudhani hakula vizuri mchana ule. Alijiambia kwamba yeye ni mgeni, na mgeni hafunui chungu cha mwenyeji wake. Alijiambia tena. Halafu akauliza njia, akaelekezwa kwenye Ofisi ya Hali ya Hewa, kwa kuwa, alisema mtu aliyeulizwa, mambo ya sauti zinazotoka majumbani yanashughulikiwa huko.

Karani wa Hewa alikuwa kijana nadhifu mwenye daftari kubwa. Alifurahi kupata mgeni. Akalifungua mahali palipoandikwa nyumba ya Bwana Haruni, akasoma kwa fahari ya mtu anayejua kazi yake: "Jumatatu, upepo mkali, robo saa. Jumatano, upepo mkali kiasi. Alhamisi, upepo mwembamba, mfululizo, mpaka magharibi. Ijumaa, shwari."

"Huu ni upepo?" Sikudhani akauliza.

"Ni upepo."

"Unatoka ndani ya nyumba."

"Upepo wa ndani. Tunazo aina kumi na moja."

"Upepo hauiti mama, kaka yangu."

Karani akageuza kurasa mpaka mwishoni. "Aina ya tisa huita," akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Usidhani sisi ni mawe, dada. Sisi tunaandika. Nchi nyingine hawaandiki kabisa."

Akalifunga daftari. Kisha, akitazama mlango, akamwambia kwamba ipo sheria ya zamani ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta. Mtu mzima asiye ndugu wa mtoto anaweza kujitolea kuwa mdomo wake wa kuazima. Ajiandikishe, amtembelee mtoto siku saba mfululizo nyumbani kwake, mbele ya walezi wake. Siku ya nane atasimama katika Baraza na kusema yale ambayo mtoto amesema, kwa maneno ya mtoto, bila kuongeza. Akikosa siku moja, au akifika asimwone mtoto, shauri linakufa mpaka mwaka mwingine.

"Nani ameshawahi?"

"Mmoja, miaka mitatu iliyopita. Mbaruku, muoka mikate. Kamwone kwanza, halafu uamue."

Duka la Mbaruku lilikuwa na wateja wengi na ukimya mkubwa. Watu waliingia, wakachukua mkate, wakatoka, bila hata mmoja kutamka neno. Sikudhani alipomsalimu, Mbaruku alishtuka mpaka akaangusha koleo.

"Usinisalimu," akasema. "Watakuona."

"Kwani una nini?"

"Nimevuliwa salamu. Haikuandikwa popote. Ukijiandikisha tu, kesho yake utaona. Mkate wangu wanaula, maana ni mzuri. Ila habari yangu haiulizwi." Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na meno. "Mwanzo nilidhani ni jambo dogo. Mwezi wa pili nikaanza kujisalimu mwenyewe."

"Na mtoto uliyemsemea?"

Mbaruku aliokota koleo, akalifuta kwa kitambaa kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Sikufika siku ya saba," akasema. "Kila nilipokwenda, siku ya pili yake nilimkuta na alama mpya. Nikaona ni mimi ninayempiga, kwa mkono wa mwingine. Siku ya sita nikakaa nyumbani, nikajidanganya kwamba nampunguzia. Mtoto hakuifikia sikukuu ya mwaka ule." Akatazama tanuri. "Aliandikwa homa."

Sikudhani alirudi alikofikia, akakaa juu ya kitanda na viatu vyake miguuni. Alikuwa na wanafunzi sita wa ushonaji waliomngoja kwao. Alikuwa na kazi aliyoahidi. Hakuwa mtu jasiri na hakuwahi kudai kuwa hivyo. Lakini kila alipofumba macho aliuona ule mkono uliokaa juu ukingoja ruhusa. Asubuhi akaenda akajiandikisha.

Alipotoka ofisini mji ulikuwa umeshajua. Mwenye duka la vitambaa alimkatia kitambaa huku akitazama dari. Wanawake kisimani waliacha kuzungumza, wakamwachia nafasi pana, kama ya mtu aliyebeba maji ya moto. Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angejua la kufanya.

Ziara ya kwanza ilikuwa ya heshima tupu. Bi Zamda, mke wa Bwana Haruni, alileta chai ya tangawizi na vitumbua, akaketi katikati, Sikudhani upande huu na Mize upande ule. Mtoto alikuwa amevalishwa gauni lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mikono ya gauni ilifika viganjani.

"Msalimie mgeni," Bi Zamda akasema. "Sema njema."

Mize hakusema. Sikudhani alimuuliza anapenda nini shuleni, anapenda kula nini, anacheza na nani. Maswali yote yalijibiwa na Bi Zamda, tena kwa upole. Saa ilipita. Sikudhani aliponyanyuka, Bi Zamda akainama kukusanya vikombe, na katika nafasi ile ndogo Mize akauliza kwa sauti ya kupumua:

"Kesho utakuja?"

"Kesho nitakuja."

Siku ya pili ikawa vilevile, chai, vitumbua, ukimya, na mlangoni lile swali: kesho utakuja. Siku ya tatu Mize alikuwa na sikio limevimba. Bi Zamda alisema ni mdudu. Sikudhani alikunywa chai yake akijua sasa kwamba kikombe kile kuna mtu atakilipia baada ya yeye kuondoka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mbaruku. Hakumsalimu, wala hakuna aliyeshangaa kuwaona watu wawili wasiosalimiwa wakiongea peke yao.

"Amepigwa kwa sababu yangu."

"Ndiyo."

"Nikiacha?"

"Atapigwa kwa sababu nyingine." Mbaruku alimpa kiti. "Mimi sina ushauri, dada. Ninayo habari ya mtu aliyeacha, basi."

Sikudhani akaketi. Mbaruku akageuka akaendelea na unga wake mpaka mgeni wake alipotulia.

Siku ya nne, ziara ilipokwisha, Bwana Haruni mwenyewe alikuja chumbani ambamo Sikudhani alikuwa akishona. Hakuja kwa vitisho. Alikaa, akauliza kuhusu vifungo, akasifu mishono. Kisha akasema:

"Kaka yangu alipokufa, ndugu walikuwa tisa. Tulikaa mkekani, kila mmoja akitazama vidole vyake. Nani alisema, 'Nipeni mimi mtoto'? Uliza mji mzima."

"Nimesikia."

"Basi unakuja kutoka mbali, na utepe wako, unanipima mimi." Mkono ulikuwa kifuani. Macho yake yalikuwa na machozi, tena ya kweli, na hilo ndilo lililomtia Sikudhani hofu kuliko yote. "Mtoto asiyerudiwa huharibika. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Umeniona nimeharibika?"

Sikudhani alikata uzi kwa meno. Akasema, "Kesho nitakuja saa ileile, bwana."

Siku ya tano na ya sita alikwenda. Kila siku alimuomba Mize, Bi Zamda anapoinama, "Niambie lingine, mama. Lolote." Mtoto alitikisa kichwa. Alikuwa na swali moja tu na alilitunza kama anayeogopa kulichakaza. Sikudhani alihesabu siku zilizobaki, akaona atasimama mbele ya Baraza na maneno mawili mkononi.

Siku ya saba hakukuwa na chai. Bwana Haruni alisimama mlangoni, pazia likiwa limeshuka nyuma yake.

"Mize amekwenda shamba kwa bibi yake. Atarudi baada ya sikukuu."

"Nitamngoja."

"Atarudi baada ya sikukuu," akarudia kwa upole uleule, na pazia likafungwa.

Sikudhani alikaa kwenye ngazi za mlango. Sheria ilimpa mpaka jua lizame. Watu walipita wakimkwepa kwa macho. Ng'ambo ya njia ilikuwa nyumba ya Bi Tausi, mjane mwenye mwili mnene, aliyejulikana mtaani kwa kufunga dirisha lake kila jioni kwa kishindo. Sikudhani alikuwa amemwona mara nyingi akifunga, na siku zote kabla giza halijakaribia. Leo dirisha lilikuwa wazi. Bi Tausi alisimama pale na ufagio, akalifagia dirisha lisilo na vumbi.

Jua lilipokuwa limeshafika kwenye mapaa, Bi Tausi alitoka, akavuka njia kama anayemwaga maji machafu, akasema bila kumtazama:

"Nyuma. Stoo ya mkaa."

Kisha akarudi kwake haraka, na mikono yake ilikuwa ikipiga piga kanga kana kwamba imeshika moto.

Sikudhani alizunguka nyumba. Stoo ilikuwa ya mbao na mlango wake ulifungwa kwa kufuli kwa nje. Akapiga magoti, akaweka jicho kwenye ufa. Mwanzo aliona giza tupu. Halafu likaonekana jicho la pili, upande wa ndani, karibu sana, limekuwa likimtazama muda wote.

"Mize. Ni mimi fundi."

Sikudhani akasogeza mdomo kwenye ufa.

"Nimekuona. Siku ya saba imetimia. Sema neno, mama, niende nalo."

Nyumbani mlango ulifunguliwa, na nyayo za Bwana Haruni zikaanza kuja.

"Kesho utakuja?" Mize akauliza.

Baraza la Stara huketi katika ukumbi ambao kuta zake zote ni mapazia. Mkuu wake huitwa Msitiri Mkuu, na hukaa na wazee saba. Asubuhi ile ya sikukuu, siku ya nane, ukumbi ulijaa, watu wakiwa wamevaa vizuri, watoto wa shule wamepangwa nje katika sare mpya. Mize aliletwa akakalishwa kati ya Bi Zamda na Bwana Haruni. Alikuwa ameogeshwa. Kucha zake bado zilikuwa nyeusi.

Bwana Haruni alizungumza kwanza, kwa muda mrefu, kuhusu upendo. Wazee wawili walifuta macho. Sikudhani akaitwa mbele, na mzee mmoja akaomba kumuuliza jambo kabla hajaanza.

"Unapata nini katika kazi hii?"

"Sipati kitu."

"Hilo ndilo linalonitia shaka," mzee akawaambia wenzake. "Mwizi najua anataka nini. Mtu asiyetaka kitu anataka nini?"

Walilijadili hilo kwa muda. Mmoja alipendekeza kwamba wanaojitolea wachunguzwe akili. Mwingine akasema uchunguzi wa akili una gharama, afadhali wachunguzwe nia. Msitiri Mkuu akawarudisha kwenye shauri.

"Sema maneno ya mtoto."

Sikudhani alikuwa hajalala. Alijishika kwenye kiti kilichokuwa mbele yake. Alitaka kusema kila kitu, urefu ambao haukuongezeka, inchi iliyopotea, sikio, mkono usioinuka. Alijaribu.

"Nilipompima—"

"Kipimo ni cha nguo," akasema mzee. "Si neno la mtoto. Futa."

Karani wa Hewa, ambaye siku za Baraza ndiye mwandishi, akafuta.

Sikudhani akavuta pumzi. "Siku ya kwanza, sebuleni, alisema: 'Kesho utakuja?' Siku ya pili alisema: 'Kesho utakuja?' Siku ya tatu: 'Kesho utakuja?'" Aliendelea hivyo, siku baada ya siku, bila kupandisha sauti. "Siku ya saba, akiwa stoo ya mkaa, kufuli likiwa kwa nje, alisema: 'Kesho utakuja?'"

"Stoo na kufuli si maneno ya mtoto," akasema yule mzee. "Futa."

Karani akafuta, safari hii polepole.

"Ni hayo tu?" Msitiri Mkuu akauliza.

"Ni hayo tu."

Mnong'ono ukapita. Mzee mmoja alitabasamu kwa nafuu. "Mimi sioni malalamiko hapo. Naona mtoto mkarimu anayependa wageni. Ni sifa kwa walezi wake." Watu wakacheka kwa adabu. Bwana Haruni aliinamisha kichwa kama anayepokea pongezi. Mwingine alisema swali haliwezi kuwa ushahidi, kwa kuwa ushahidi ni jibu. Sikudhani alimtazama Mize. Mtoto alikuwa akitazama sakafu, na mkono wa Bi Zamda ulikuwa umekaa juu ya bega lake la kushoto, vidole vikiwa vyeupe.

Hapo Karani wa Hewa akakohoa. Alisema, akitazama wino wake, kwamba kuna jambo la utaratibu. Swali likiandikwa katika kitabu cha Baraza haliwezi kuachwa bila jibu, maana ukurasa haufungwi. Sheria inataka lijibiwe na mwenyeji, si mgeni. Na atakayesema atakuja, nyumba anamoishi mtoto itamfungukia kila siku, saa yoyote.

Msitiri Mkuu hakupenda. Lakini sheria ilikuwa sheria, na watu wa Stara huogopa ukurasa wazi kuliko jeraha. Akamgeukia Bwana Haruni.

"Jibu."

"Hakuniuliza mimi, mheshimiwa. Mimi naishi naye."

Akawageukia wazee. Wa kwanza alisema kesho ana kikao. Wa pili alisema angependa, ila miguu. Wa tatu alitaka kwanza ijulikane "kesho" maana yake ni ipi. Wa nne alisema anamwachia wa tano. Swali la Mize likabaki pale katikati ya ukumbi kama mtu aliyesimama. Mbaruku alikuwa nyuma kabisa, mdomo wazi, akijaribu. Neno halikumtoka.

"Mimi nitakuja," ikasema sauti ya mwanamke.

Alikuwa Bi Tausi. Alikuwa amesimama, mnene, jasho likimtiririka, amekamata kanga kwa mikono miwili.

"Nitakuja kesho na kesho kutwa. Nakaa ng'ambo ya njia, hatua kumi na mbili. Nimezihesabu." Alikwama, akaanza tena. "Miaka miwili nimekuwa nikifunga dirisha. Si kwamba sisikii. Nafunga kwa sababu nasikia. Andika hivyo, karani, na usiniandikie upepo."

Karani akaandika.

Msitiri Mkuu hakuwa mtu mbaya wala jasiri. Aliona watu wameanza kumtazama Bwana Haruni, akaona pia kwamba sikukuu inachelewa. Akanong'ona na wazee, kisha akatoa uamuzi. Baraza halikuona kosa kwa mtu yeyote. Hata hivyo, kwa kuzingatia kwamba nyumba ya Bwana Haruni imekuwa na upepo mwingi usiofaa kwa afya ya mtoto, Mize atahamia nyumba ya Bi Tausi kwa siku arobaini, kwa sababu za hali ya hewa. Baada ya hapo Baraza litakaa tena, na mdomo wa kuazima sharti uwepo. Usipokuwepo, mtoto atarudi alikotoka.

Watu wakapiga makofi. Bwana Haruni alisimama, mkono kifuani, akalishukuru Baraza kwa kujali watoto. Sikudhani alitoka nje kabla hajamaliza kushukuru.

Jioni ile aliwaandikia wanafunzi wake kwamba hatarudi kwa wakati, wala hajui atarudi lini. Hakuwaeleza sana. Alihamia kwa Bi Tausi, wakaweka cherehani ukumbini, karibu na dirisha. Ng'ambo ya njia pazia la Bwana Haruni lilining'inia, na mara kadhaa walimwona amesimama mlangoni akitazama upande wao, mpole kama kawaida. Bi Tausi naye alikuwa ameshavuliwa salamu. Alipotoka kisimani aliketi kwenye kigoda, akasema, "Hata mtoto wa dada yangu." Hawakulizungumza tena. Siku arobaini, Sikudhani aliwaza, ni nyingi kwa mtu anayengoja na chache kwa mtu anayepona. Na baada yake alijua wazee watauliza tena, na yeye atakuwa na nini?

Mize hakusema neno siku ya kwanza. Siku ya pili pia. Alikula akiwa amesimama, haraka, mgongo ukutani. Akiitwa, alikuja mbio akasimama mikono imebana ubavuni. Swali lake hakulirudia, na Sikudhani hakujua kama ni dalili njema au mbaya.

Asubuhi ya tatu Bi Tausi alikuwa akifagia, Sikudhani anatia uzi sindanoni, Mize akabeba kikombe cha chai kutoka jikoni. Hakuna aliyemtuma. Kizingitini kikamponyoka. Kikapasuka vipande vipande, chai ikatawanyika mpaka kwenye vitambaa.

Bi Tausi alisimama na ufagio mkononi. Mize aliutazama ule ufagio. Rangi ilimtoka usoni, mabega yakapanda, na Sikudhani akaona mtoto anavyojiandaa mwili mzima, kama mtu anayejua mvua itapiga wapi. Hakukimbia. Midomo yake ilisogea mara mbili bila sauti.

"Nimekivunja mimi," akasema.

Sindano ilikuwa imemchoma Sikudhani kidoleni na hakuisikia.

Bi Tausi aliinama taratibu kwa sababu ya uzito wake, akaanza kuvisogeza vile vipande kwa ufagio, mbali na vidole vya mtoto.

"Nimeona," akasema. "Sogeza miguu, mama, usijikate."